Mikono Mitupu Barabarani

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa kliniki ya sukari kule Kaplong aliniambia nitafute daftari niandike kila ninachokula. Daftari nimepata, lilibaki hapa tangu binti yangu Nyamusi amalize shule. Lakini ugali nimekula miaka hamsini na minne bila kuuandika, na sioni kwa nini nianze leo. Nitaandika ninachotaka.

Ninachotaka kuandika ni hiki: leo nimetembea. Sikuwa naenda dukani, wala kanisani, wala kupima majani ya chai. Nimetoka getini kwetu hapa Kimulot, nikapanda barabara mpaka pale msitu wa Mau unapoanza, nikageuka nikarudi. Nesi alisema nikitembea kwa bidii kila siku na kupunguza sahani mpaka mvua za msimu huu ziishe, huenda daktari asinianzishie sindano. Akasema pia nichunge miguu. Hapo hakuhitaji kunielimisha. Mama yangu alikatwa mguu kwa sukari.

Kila niliyekutana naye aliniuliza ninaenda wapi. Nikajibu, natembea tu. Wakabaki wamesimama wakingoja nimalizie sentensi.

Jumatano, 6 Machi

Nyamusi anafanya kazi Eldoret. Alipokuja Krismasi aliniachia simu yake ya zamani na kunifundisha kupakua podikasti. Ni vipindi kama vya redio, ila havina saa yake; unabonyeza vinaanza, ukitaka kuongea na mtu unavisimamisha. Leo nimetia waya masikioni na kupanda navyo mlima.

Kipindi kinaitwa Jiko la Nje. Ni wanawake wawili, Dorine na Metrine. Dorine ana sauti ya kukwaruza, Metrine hucheka kabla ya kufika mwisho wa maneno yake. Wanaongea yale tunayoongea sisi tukimenya ndizi, wanaume wakiwa mbali. Leo ilikuwa juu ya joto linalowapanda wanawake wa umri wangu. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayetupa blanketi hapa Kimulot, ambapo hata ng'ombe wanatetemeka. Nilifika msituni bila kujua kwamba nimepanda mlima.

Simu ilitaka kunihesabia hatua. Nimeizima hiyo. Karani wa kupimia majani ya chai ananipima kila siku na inatosha.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Sikutoka. Nimekula ugali, nesi.

Sabato, 9 Machi

Kanisani. Jioni nilitembea bila waya, maana Sabato ni Sabato. Barabara ilikuwa ndefu sana.

Jumanne, 12 Machi

Sasa nimeelewa shida iko wapi. Huku kwetu mtu mzima hatembei mikono mitupu. Ukionekana barabarani una kikapu mgongoni, au mtungi wa maziwa, au kuni, au angalau karatasi ya kupeleka kwa chifu. Mwanamke asiyebeba kitu amefiwa, amefukuzwa, au amechanganyikiwa. Basi watu kwa wema wao wameamua kuniponya.

Jana mmoja alinipa mtungi wa maziwa, "kwa vile unaenda huko." Mwingine akanipa miche ya parachichi. Leo asubuhi Chepyegon, yule mama mwenye duka la mbolea, alinitilia jogoo kwapani nimpelekee mkwe wake karibu na msitu. Nilisikiliza nusu saa ya Jiko la Nje na jogoo akiwika chini ya kwapa langu. Metrine alikuwa anaeleza jinsi ya kukataa jambo bila kutoa sababu. Alisema ukitoa sababu moja, mtu ataitatua, halafu utabaki huna sababu na kazi umepewa.

Nikamfikisha jogoo. Lakini huyo ni wa mwisho.

Jumatano, 13 Machi

Chepyegon alikuwa ameniandalia mfuko wa mbolea. Nikasema hapana. Akangoja sababu. Sikutoa. Nilifurahi kama mtoto aliyeondolewa kazi ya kuchunga mbuzi wa mtu mwingine.

Jumatatu, 18 Machi

Nimenunua raba sokoni Litein. Mtumba, imara, ngozi laini ndani, haziumi popote. Ni za rangi ya waridi. Hakukuwa na rangi nyingine inayonitosha, na hata ingekuwepo nisingeichukua.

Mume wangu Mokaya aliziangalia akanywa chai yake yote bila kusema. Yeye ni shemasi kanisani, na kabla ya hapo alikuwa msimamizi wa wachumaji kwenye shamba kubwa, kwa hivyo kunyamaza kwake kuna cheo.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nimecheka barabarani. Metrine alikuwa anasimulia mkwe aliyekuwa akimwongezea chakula kwa nguvu, mpaka siku moja Metrine akainuka na sahani yake akamlisha mbwa wa mkwe mbele ya wageni. Nilishika mti nikacheka mpaka machozi. Nilipoinua macho, Zack wa bodaboda alikuwa amesimamisha pikipiki ananitazama.

Kila asubuhi Zack husimama. "Mama, panda, nitakubeba bure." Kila asubuhi nakataa. Leo hakuniambia nipande. Aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuko sawa.

Jumatatu, 25 Machi

Kufikia jana habari ilikuwa imeshafika kila jiko: mama Nyamusi anacheka peke yake. Haya. Bora kucheka peke yangu kuliko kununa na kikundi.

Jirani yangu Chelimo, chai yake imepakana na barabara na mimi humwona kila siku akichuma karibu na geti lake. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza swali la maana. Hakuuliza naenda wapi. Aliuliza, "Hiyo watu ya masikio inakuambia nini?"

Leo sikuwa na Jiko la Nje. Nilikuwa nasikiliza kipindi cha mtu mmoja anayeongea kama amefungiwa ndani ya pipa, ila anajua mambo ya wanyama. Nikamwambia kuna mnyama wa baharini anaitwa pweza, ana mikono minane na mioyo mitatu. Chelimo aliacha kuchuma.

"Mioyo tatu? Mimi nina moja na bado Kimeli anaimaliza."

Kimeli ni bwanake. Tulicheka wote wawili, kwa hivyo sasa tuko wendawazimu wawili.

Jumanne, 26 Machi

Chelimo alikuwa anangoja getini. Akataka kujua pweza anazaaje. Nikamweleza kwamba mama hulinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Chelimo alikasirika. Alisema huyo hakuwa na haja ya mioyo mitatu, alihitaji dada mmoja.

Nikamwambia twende hadi juu, nimpe sikio moja la waya. Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo. Aende akisema anaenda wapi?

Sabato, 30 Machi

Meza ya Bwana. Mokaya alibeba mabeseni na taulo kama kawaida, maana hiyo ni kazi ya mashemasi. Kwetu, kabla ya mkate, tunaoshana miguu: wanaume upande wao, wanawake upande wao. Mokaya ameosha miguu ya wanaume wa kanisa hili tangu tuhamie huku kutoka Nyamira. Anawaosha vizuri, anapiga magoti kabisa ingawa goti moja ni bovu.

Mimi niliangukia kwa mke wa Mzee Onchiri, mzee wa kanisa. Akanishika nyayo, akasema zimekuwa ngumu, labda ni kwa ajili ya kuzurura. Akasema hivyo na kitambaa mkononi, tukiwa katika unyenyekevu.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua imeingia kwa nguvu na chai imechipuka yote kwa pamoja. Hiki ndicho kipindi ambacho hata wagonjwa huchuma. Natoka alfajiri, nikirudi naingia shambani na kikapu, nachuma mpaka saa ya kupima. Majani yetu hayajawahi kulala kwenye kichaka kwa sababu yangu. Naandika hapa kwa sababu najua kitakachosemwa.

Jumanne, 9 Aprili

Kimesemwa. Mokaya alinisubiri mlangoni.

"Watu wananiuliza bibi yako anaenda wapi kila asubuhi. Niwaambie nini?"

"Waambie ninarudi."

Hakupenda. Akasema majirani wako kwenye chai tangu kupambazuke na wanamwona mkewe akipita juu ya barabara mikono inaning'inia, na masikio yamezibwa, hata salamu hasikii. Nikasema salamu nasikia, nazima sauti na kuitika. Akasema kutembea ninaweza kutembea ndani ya chai, kuchuma si ni kutembea. Nikamwambia nesi alisema kuchuma ni kusimama na kuinama. Akasema nesi hajawahi kuchuma.

Hapo alinishinda kidogo, lakini sikumwambia.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Nilitoka hivyo hivyo na mwavuli. Mwavuli si mzigo.

Jumatano, 17 Aprili

Chelimo amebuni njia yake. Nikishuka kutoka msituni namkuta getini, ananyoosha mkono, nampa sikio moja la waya, tunasimama pamoja mpaka Kimeli amwite. Kutembea hataki. Kusimama anasimama. Leo Dorine alieleza jinsi alivyoanza kulala chumba chake mwenyewe kwa sababu ya kukoroma kwa mumewe, na ndoa ikapona.  Baadaye Chelimo akasema nyumba yao ina chumba kimoja tu, lakini jiko ni kubwa.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua, tope, mvua. Daraja la chini limebebwa. Natembea upande wa juu tu.

Jumapili, 5 Mei

Hii ya leo nitaiandika yote hata kama mkono utakufa ganzi.

Nilirudi kutoka kutembea nikakuta viatu vya watu mlangoni na sauti sebuleni. Alikuwa Mzee Onchiri, na pamoja naye kaka yangu Omosa, ametoka Nyamira gizani asubuhi hii, ameloa mpaka magoti. Nilidhani kuna msiba. Nikauliza nani amekufa. Omosa akanivuta jikoni, akafunga mlango, akaninong'oneza: anakupiga?

Nikamuuliza nani. Akasema, Mokaya. Basi nikaelewa. Onchiri alikuwa amempigia simu kwamba dada yake anaondoka nyumbani kila asubuhi bila mzigo, anaelekea msituni, anaongea na kucheka peke yake, halafu anarudi kwa kuwa hana pa kwenda. Kwetu mwanamke akitoka kwake mikono mitupu, watu wake huja kusuluhisha. Omosa alikuja kusuluhisha ndoa ambayo haijagombana. Nilimwambia Mokaya hajawahi kuniinulia mkono. Kaka yangu alishusha pumzi, ila nilimwona pia amefadhaika kidogo, maana alikuwa amesafiri na hotuba.

Nikachinja kuku. Ndiyo, nilichinja kuku wa kikao changu mwenyewe.

Tulipomaliza kula, Onchiri alifungua kwa maombi marefu. Akasema hakuna anayenichukia. Akasema mke wa shemasi ni taa, na taa haitembei ovyo. Akasema amesikia hizo sauti za masikioni ni za wanawake wanaofundisha wake za watu kukataa. Nikasema hilo ni kweli. Hakutegemea nikubali, ikabidi atafute mahali pengine pa kuanzia.

Mokaya alikuwa kwenye kiti chake anatazama mikono. Hakuwa amewaita, hilo aliniambia mbele yao. Lakini pia hakuwa amewarudisha.

Wakaamua hivi: niache kutembea barabarani mpaka chai ipungue. Nitembee ndani ya shamba letu. Simu nimwachie mume wangu asubuhi, nichukue jioni. Omosa ndiye aliyepewa kazi ya kuniambia kwa sababu ni damu yangu, na aliniambia kwa upole, akiniita kwa jina la utotoni.

Nilikuwa nimejiapiza kutotoa sababu, kama Metrine alivyofundisha. Lakini kuna watu wanaostahili sababu. Nikamgeukia yeye peke yake.

"Omosa, mama alipokatwa mguu, nani alikuwa anambeba kwenda choo?"

Akasema, "Mimi."

"Usiku na mchana?"

"Mimi."

"Mama alitembea maisha yake yote na mzigo. Hata siku moja hakutoka kwa ajili ya mwili wake. Mimi nikikatwa mguu, atanibeba nani? Wewe mgongo wako umeisha. Mokaya goti lake unaliona. Ama ni Mzee Onchiri atakuja kunibeba?"

Onchiri alifungua Biblia akaifunga.  Kaka yangu alijishika bega la kushoto, pale mama alipokuwa akiegemeza kidevu. Nilijua anausikia uzito wake, kwa sababu hata mimi niliusikia, na nikalia mbele yao bila aibu yoyote.

Halafu Omosa akasimama. "Hii kikao imeisha," akasema. Akaomba chai ya mwisho, akasema itiwe sukari kidogo.

Jumatatu, 6 Mei

Nimetembea.

Sabato, 11 Mei

Onchiri hakumaliza, alihamia mahali pengine tu. Leo imetangazwa kwamba idara ya akina mama, ambayo nimeiongoza miaka yote hii, itaongozwa na mtu mwingine kuanzia sasa, kwa kuwa mimi nina shughuli nyingi asubuhi. Miaka niliyopika kwenye harusi zao na kuwalilia kwenye mazishi yao, imekuwa shughuli nyingi asubuhi.

Niliumia, siwezi kusema uongo. Nilipiga makofi na wengine. Nilipiga makofi ya nguvu kuliko wote, mpaka mke wa Onchiri akageuka kunitazama.

Jumanne, 14 Mei

Nimeamka raba zangu ziko nje, chini ya mfereji wa paa, zimejaa maji kama vikombe. Jana niliziacha jikoni karibu na meko. Nyumba hii ina watu wawili na paka.

Sikuuliza. Nilivaa gambuti, zile buti za mpira, nikaenda. Waache wanione nimevaa gambuti za shamba nakwenda msituni, niliiambia hasira yangu, na tukapanda nayo haraka kuliko siku zote. Sikusikia hata Dorine anasema nini.

Jumatano, 15 Mei

Gambuti tena. Raba bado zinatiririka.

Alhamisi, 16 Mei

Lengelenge. Kisigino cha kulia, kubwa, limeshapasuka. Sikulihisi. Hilo ndilo linalonitisha, kwamba sikulihisi. Nililiona tu nilipovua soksi jioni na kuikuta imelowa.

Mama alianza na mwiba mdogo.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepanda pikipiki ya Zack hadi zahanati. Hakunicheka, aliendesha polepole kama amebeba mayai. Wamenisafisha, wamenifunga, wamenipa dawa. Nisitembee mpaka kifunge. Aliyenihudumia aliniuliza nani aliniambia nitembee na gambuti. Nikasema ni kiburi. Akaandika kitu kingine.

Jioni nilikaa kwenye kiti cha nje na mguu juu ya ndoo. Mokaya alitoka shambani, akauona ule mguu, akasimama hapo na kikapu bado mgongoni. Akaniuliza nesi alisema nini. Tangu Machi hajawahi kuniuliza nesi alisema nini. Nikamwambia: usafi, maji ya uvuguvugu, kukausha vizuri hata katikati ya vidole, na kuchunga nisiungue kwa sababu mguu hausikii joto.

Akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kulala. Alirudi na beseni, moja ya yale ya kanisa yanayowekwa kwetu, na taulo jeupe begani. Akajaribu maji kwa kiwiko. Akapiga magoti kwenye tope la uani, goti lake bovu likalia, akaniosha mguu ule mzima kwanza, halafu ule mwingine akazunguka bandeji bila kuigusa. Wanaume wote wa kanisa hili amewaosha. Mimi alikuwa hajanishika mguu.

"Viatu nilitoa nje mimi," akasema, akikausha vidole kimoja kimoja.

"Najua."

Sikumwambia si kitu. Ilikuwa ni kitu, na ingeweza kuwa mguu.

Sabato, 18 Mei

Sikuenda kanisani. Raba ziko karibu na meko, zimejazwa magazeti. Sikuzijaza mimi.

Jumanne, 21 Mei

Nakaa. Nasikiliza kwenye kiti. Si sawa, maneno hayaingii bila miguu.

Chelimo alikuja mpaka hapa kunitafuta, ameleta mursik, maziwa ya kugandisha, kwenye kibuyu. Nikamwambia maziwa bila sukari naruhusiwa. Nikampa sikio moja. Ndiyo mara ya kwanza amekaa kusikiliza kipindi kizima, na aliondoka akiwa na hasira na Dorine kwa jambo ambalo mimi nilikubaliana naye.

Alhamisi, 23 Mei

Mvua ya mawe. Ilianza saa tisa alasiri, kelele kwenye mabati mpaka Mokaya na mimi tukawa tunaongea kwa mikono. Ilipokoma tulitoka. Mawe yalikuwa yamefunika uani meupe, na harufu ya chai mbichi ilijaa hewani, harufu ya kiwanda, ila hakuna kiwanda. Vichaka vyote vimebaki vijiti. Kwetu, kwa Chelimo, kwa Chepyegon, mpaka kule juu. Mokaya aliokota jani moja lililochanika, akalitazama mbele na nyuma, akaliweka mfukoni.

Jumatatu, 27 Mei

Hakuna majani. Lori la kiwanda limepita bila kusimama. Ukanda mzima una mikono mitupu, na hakuna anayejua cha kuifanyia. Wanaume wamekaa kwenye banda la kupimia kana kwamba karani atatokea. Wanawake wamesimama magetini.

Kisigino kimefunga. Ngozi mpya, laini.

Jumanne, 28 Mei

Nimetembea. Raba za waridi, soksi kavu. Wote walikuwa nje na wote waliniona. Mtu mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba huu si wakati wa kutembea, watu wamepata hasara. Mimi pia nimepata, nikamwambia, na nikaendelea. Wakati wa chai nyingi si wakati, wakati wa chai hakuna si wakati. Huo wakati wao uko mwezi gani?

Nilipofika kwa Chelimo, geti lilifunguka akatoka. Akaanza kutembea kando yangu. Mgongoni alikuwa na kikapu cha kuchumia.

Nikamuuliza kikapu cha nini na hakuna jani hata moja kutoka hapa mpaka Kericho.

"Wewe wacha tu," akasema. "Wataniuliza."

Basi tulipanda mlima, mimi na yeye na kikapu kitupu kikimgonga mgongo, waya mmoja kati yetu, sikio langu la kushoto na lake la kulia, tukilazimika kwenda hatua sawa la sivyo unachomoka. Kweli hakuna aliyemuuliza kitu. Waliniuliza mimi.

Jumatatu, 3 Juni

Kikapu bado. Nimemtania, hasikii. Anasema bila hicho anahisi upepo mgongoni.

Alhamisi, 13 Juni

Kaplong. Mokaya alisema anakuja, akaja, akakaa ndani na kofia magotini akisikiliza kila neno. Sukari imeshuka. Hakuna sindano. Daktari alisema niendelee na vidonge na miguu yangu, nirudi Septemba. Nesi akaomba daftari la chakula. Nikamwambia limejaa, ila si chakula.

Nilijizuia nje ya geti la hospitali mpaka tukafika kwa mwuza ndizi, hapo nikaacha furaha initoke. Mokaya alinunua ndizi za kupika, kabichi, unga, na sabuni ya mche.

Tuliposhuka kwenye njia panda ya kwetu, Zack alikuwepo. Akaniambia, kama kawaida yake, "Mama, panda."

Mokaya ndiye aliyejibu. "Huyu usimsimamishe tena. Anatembea."

Halafu akapanda yeye, akapakata kabichi na unga, akaning'iniza ndizi begani, wakaondoka. Mzigo wote akaubeba yeye. Nilisimama njia panda bila hata mfuko, nikatia waya masikioni.

Jumatatu, 17 Juni

Chai imechipuka. Bado ni kidogo, rangi ya majani machanga, lakini karani amerudi na leo kila mtu anarudi shambani. Usiku nilijiambia nisitegemee. Chelimo alikuwa anatembea kwa sababu hakuna la kuchuma. Sasa liko, na Kimeli atamwita. Niliamka nikiwa tayari kwenda peke yangu, kama nilivyoanza. Ningekwenda. Hilo naliandika kwa wino.

Nilipokata kona niliona kikapu chake kimening'inizwa kwenye nguzo ya geti, kikimngoja arudi achume. Yeye mwenyewe alikuwa ametangulia, yuko juu barabarani anatembea haraka, mikono yake haijui ikae wapi. Mmoja aliushika kiunoni, mwingine ukawa unapepea tu. Nilikaribia kukimbia ili nimfikie.

Chepyegon alikuwa kwenye kichaka chake cha kwanza cha msimu. Akainua kichwa akatuona, mmoja, wawili, bila mtungi, bila kuni, bila kikapu. Akauliza tunaenda wapi asubuhi hii na majani yamerudi.

Nilifungua mdomo. Chelimo akaniwahi, bila kusimama, mkono ameunyoosha kwangu kudai sikio lake la waya.

"Tunaenda hakuna mahali," akasema.